Je, tungoje ukumbi? Badminton katika shule ya kisiwani

"Ninafundisha Kiswahili S.1 na S.2 (mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari) katika shule ya kisiwani, wilaya ya Kalangala, Uganda, na mwaka huu nimepewa pia elimu ya michezo. Wageni waliotutembelea zamani walituachia raketi kumi na mbili na mikebe mitatu ya vinyoya, vile vinavyopigwa kwa raketi juu ya wavu. Vinyoya viliisha ndani ya wiki mbili: vingine vilivunjika, vingine upepo ulivipeleka ziwani. Raketi nne zimekatika nyuzi. Uwanja wetu mmoja ni wa mpira wa miguu na wavulana hawauachi. Lakini wasichana waliipenda badminton kuliko mchezo wowote niliowahi kuwapa, na mpaka leo wananiuliza tutacheza lini. Mkuu wa shule anasema huo ni mchezo wa watu wa Kampala wenye kumbi, tuuache mpaka tujenge wa kwetu. Isitoshe, wanafunzi wangu wengi huhama wazazi wakienda mwalo mwingine, yaani ufuko mwingine wa wavuvi, kwa hiyo hata nikiwafundisha naona kama natia maji kwenye pakacha. Je, ni kweli tungoje ukumbi? Nianzie wapi? Na watoto wa mwaloni wasiosoma nitawafikiaje?"

Mwalimu mwenzangu, katika yote uliyoandika nilisimama pale uliposema wasichana mpaka leo wanakuuliza mtacheza lini. Raketi zinanunulika, kamba inanunulika, hata ukumbi hujengwa pesa ikipatikana. Hamu ya mtoto haiuzwi dukani. Wewe unayo tayari, tena kwa watoto ambao mara nyingi hukaa pembeni mwa uwanja wakiwashikia wavulana sweta. Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: msingoje ukumbi. Anzeni muhula huu kwa mlicho nacho. Jibu refu ni namna ya kuanza bila kurudia yaliyowapata mara ya kwanza.

Nianze na mkuu wako wa shule, kwa sababu hajakosea kabisa, na ukienda kwake kana kwamba amekosea kila kitu mtaishia kwenye mabishano. Ni kweli badminton ya mashindano huchezwa ndani. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi moyo wa mchezo huu Uganda umekuwa ukumbi wa Lugogo, Kampala, na kwamba mchezaji kama Edwin Ekiring, aliyeiwakilisha nchi katika Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012, hakufika huko kwa kucheza uani peke yake. Mtoto anayetaka kushindana kitaifa lazima siku moja azoee kucheza chini ya paa. Lakini hilo ni swali la mtoto mmoja au wawili, miaka mitatu au minne kutoka leo. Swali lako la sasa ni watoto sitini wanaotaka kucheza wiki hii. Ukumbi hauwezi kulijibu, na kuna hatari ya kukusanya pesa kwa miaka mingi, kisha ukumbi usimame wakati hakuna tena mtoto anayejua kushika raketi.

Turudi kwenye vinyoya vilivyokwenda ziwani, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa bila kujua kilichowashinda. Kinyoya halali kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, na manyoya 16 yaliyopangwa kama sketi. Sketi hiyo hushika hewa kama mwavuli uliofunguka. Mwaka 2023 Mhindi Satwiksairaj Rankireddy aliandikwa katika rekodi za dunia za Guinness kwa pigo la kilomita 565 kwa saa, lakini mwendo huo hupimwa kinyoya kinapotoka tu kwenye nyuzi. Kikifika kwa mpinzani kimeshapoteza sehemu kubwa ya kasi yake, kwa sababu hewa imekikaba. Utamu wa mchezo umo humo: kitu kinachotoka kwa nguvu kisha kinafika polepole, hata mtoto wa miaka minane akakiwahi. Ubaya wake ni kwamba kile kile kinachokipunguzia kasi ndicho kinachoupa upepo mahali pa kushika. Mpira wa miguu una uzito wa kupambana na upepo. Kinyoya hakina.

Kwa hiyo, mwalimu, usipambane na upepo. Usome. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya zamu hizo mbili kuna muda wa utulivu, mara nyingi asubuhi na tena jioni kabla ya giza. Wavuvi wa mwalo wenu wanalijua hili kuliko mimi, maana ndilo linalowaambia saa ya kusukuma mashua. Waulize. Kisha jipimie mwenyewe: funga ukanda wa kavera (mfuko wa plastiki), urefu wa kiganja na vidole, kwenye fito yenye kimo cha wavu. Utazame saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, na saa kumi na moja na nusu jioni, kwa wiki mbili, na uandike. Ukanda ukining'inia au ukicheza kidogo, huo ni wakati wa badminton. Ukilala hewani kama bendera, mna kazi nyingine ya kufanya, na nitakuambia ipi.

Mahali nako kuna maana. Wengi hukimbilia ukuta wa darasa wakidhani utawakinga. Ukuta mzima huzuia upepo mbele, lakini upepo unaoruka juu yake huanguka upande wa pili ukizungukazunguka, na kinyoya hakijulikani kitaangukia wapi. Safu ya miti au ua wenye matundu ni bora zaidi, kwa sababu hupunguza upepo bila kuuvuruga. Kama nyuma ya shule mna miembe au mifenesi iliyosimama kwa safu, hapo ndipo. Upeni uwanja mwelekeo ambao upepo unapita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, usikate ubavuni. Upepo wa mbele au wa nyuma mtoto huuzoea, na mkibadilishana pande katikati ya mchezo hakuna anayeonewa. Upepo wa ubavuni humvunja moyo. Kama jua la jioni linawapiga machoni, sogezeni chini ya kivuli kabla hamjageuza uwanja.

Vinyoya mlivyoachiwa nadhani vilikuwa vya manyoya halisi. Ni vizuri, lakini si vya wanaoanza: pigo moja la ukingo wa raketi huvunja manyoya mawili. Tafuta vya nailoni. Kwenye kichwa chake huwa na ukanda wa rangi: kijani ni mwendo wa pole, buluu wa kati, nyekundu wa kasi. Chukua kijani. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, hivyo kinyoya hukabwa kidogo na huruka mbali zaidi. Cha mwendo wa pole kitawarudishia ule uzito wa hewa mlioukosa. Kuna wanaozungushia kichwa cha kinyoya utepe ili kiongezeke uzito siku ya upepo. Husaidia kwa upepo mwepesi, ila kinakuwa kikali zaidi kikimgonga mtu, kwa hiyo usifanye hivyo kwa watoto wadogo.

Shirikisho la Badminton Duniani lenyewe limelikubali tatizo la upepo. Mei 2019, huko Guangzhou, lilizindua AirBadminton, mchezo wa nje unaochezwa kwenye nyasi, mchanga au sakafu ngumu, kwa kinyoya maalumu kinachostahimili upepo mwepesi. Uwanja wake una urefu wa mita 16, mrefu kuliko ule wa ndani wenye mita 13.40, na mita mbili za kila upande karibu na wavu hazihesabiwi. Kinyoya kikianguka hapo kimetoka. Sababu ni ile ile: vile vigusa vya upole karibu na wavu haviendi sawa kukiwa na upepo, basi wamevitoa. Wanaweza pia kucheza watatu kwa watatu, jambo jema kwa shule yenye watoto wengi na raketi chache. Kinyoya hicho maalumu mkikipata, vizuri. Msipokipata, chukueni wazo: uwanja mrefu zaidi, eneo la karibu na wavu lisihesabiwe, timu za watatu. Mtaona mchezo unatulia.

Sasa wavu. Mko kisiwani, na wavu mnaununua? Kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia chenye upana wa sentimita 76 ndicho kipimo cha wavu wa badminton. Juu upigeni utepe wa kitambaa cheupe ili waone. Kimo halali nguzoni ni mita 1.55, kwa watoto wa P.4 au P.5 (darasa la nne au la tano la msingi) shusheni mpaka mita 1.30. Onyo moja: msitumie nyavu zilizopigwa marufuku. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia uvuvi ziwani, na wavu haramu ukionekana umetundikwa shuleni utamletea mkuu wako maelezo asiyoyahitaji. Mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na viongozi wa mwalo mnachotaka kufanya, wawape kipande kisicho na shaka.

Kwa mafunzo ya kila siku hata wavu hauhitajiki. Funga kamba moja ndefu kati ya miti miwili, ning'iniza vipande vya kitenge kila nusu mita, na ugawe chini yake viwanja vidogo vya upana wa mita tatu. Kamba ya mita 15 inakupa viwanja vitano. Hapa ndipo hesabu yako ya raketi nane inapobadilika. Usiwapange watoto sitini foleni wakiwatazama wanne wakicheza uwanja kamili. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wachoke. Viwanja vinne viwe na raketi mbili kila kimoja, mtu kwa mtu, mpaka pointi tano, kisha wanaingia wengine. Kiwanja cha tano, na nafasi yote iliyobaki, ni cha kurusha kinyoya kwa mkono juu ya kamba. Wengi huona huo ni mchezo wa kitoto, lakini mkono unaorusha kinyoya kutoka nyuma ya sikio kwenda juu na mbali ndio mkono unaopiga pigo la juu. Mtoto asiyejua kurusha hatajua kupiga, na wasichana wengi hawajawahi kufundishwa kurusha, kwa kuwa kutupa mawe kumeachiwa kaka zao. Wape wiki tatu za kurusha kabla hujadai mapigo mazuri. Siku ambayo ukanda wa kavera umelala, hiyo ndiyo kazi yenu: rusheni soksi zilizojazwa mchanga badala ya vinyoya, na mfanye hatua za miguu bila kitu mkononi.

Raketi nne zilizokatika nyuzi usizitupe, na usiziache vile zilivyo. Uzi mmoja ukikatika, mvutano wa zilizobaki huivuta fremu upande, nayo hupinda polepole hata ikiwa imetundikwa ukutani. Kata nyuzi zote, ukianzia katikati kwenda nje. Kisha peleka raketi mwaloni kwa mtu anayeshona nyavu. Mshipi wa ndoana wenye unene wa karibu milimita 0.7 hulingana na uzi wa raketi, na vidole vinavyofunga fundo la wavu gizani havishindwi na matundu ya fremu. Hautavutika kama uzi wa kiwandani na utalegea mapema, lakini kwa mtoto anayeanza, nyuzi zilizolegea kidogo humsaidia, kwa sababu zinasukuma kinyoya bila nguvu nyingi. Kuna faida nyingine nisiyoweza kuipima: mvuvi aliyeshona raketi kwa mkono wake atakuja kutazama inavyochezewa.

Wasichana, mwalimu. Sishangai kwamba wameupenda. Wavu unatenganisha; hakuna kusukumana, hakuna wa kukukanyaga, na nafasi inayohitajika ni ndogo hata wavulana hawaoni sababu ya kuigombea. Ila usidhani hamu hiyo itajilinda. Kinachowatoa wasichana mchezoni mara nyingi si kuchoka, ni saa. Ukipanga mazoezi saa kumi na moja jioni umewapangia wakati wa kuteka maji na kuwasha moto, na watakuja wiki ya kwanza tu. Kama kavera yako inaonyesha utulivu asubuhi, pigania asubuhi, hata kama ni dakika arobaini kabla ya vipindi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, elimu ya michezo ni somo la lazima S.1 na S.2, sawa na Kiswahili chako. Kipindi hicho ni haki yao, kisiliwe na marudio ya hesabu.

Mavazi yasiwe kizuizi. Mwaka 2011 Shirikisho la Dunia lilitaka kuwalazimisha wanawake wavae sketi katika mashindano makubwa. Lilipingwa, na 2012 likaliacha wazo hilo. Binti anaweza kucheza na suruali ndefu na hijabu, na asiwepo wa kumwambia mchezo unataka vinginevyo. Na kama una mwanafunzi mwenye ulemavu wa mkono au mguu, usimwache nje: badminton ya watu wenye ulemavu imo katika Paralimpiki tangu Tokyo, na Kampala imeshaandaa mashindano yake ya kimataifa.

Nimefika kwenye pakacha lako, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nadhani umelisoma jambo hili kinyume. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka raketi ishirini katika shule moja ya ziwani. Nilifundisha siku tatu, tukapiga picha, nikaondoka nimeridhika. Niliporudi muhula uliofuata, raketi zilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na mwalimu niliyemfundisha alikuwa amehamishwa. Watoto walinikumbuka, mchezo hawakuukumbuka. Kosa lilikuwa langu. Niliweka ujuzi wote kwa mtu mmoja na vifaa vyote nyuma ya kufuli moja. Tangu siku ile sipimi mradi kwa idadi ya raketi. Napima kwa swali moja: mwalimu asipokuwepo, watoto wanacheza?

Kwa hiyo chagua watoto wanane wa S.1 na S.2, wasichana wasipungue watano, uwafanye viongozi. Usichague wachezaji bora. Chagua wenye subira kwa watoto wadogo. Kila mmoja ajifunze mambo manne tu: kushika raketi kama unampa mtu mkono, kurusha kwa mkono wa juu, kuhesabu pointi, na kukusanya vifaa kwa idadi. Hao ndio wawafundishe P.5 siku moja kwa wiki huku wewe umekaa pembeni na daftari. Sasa fikiria mmoja wao akihama na wazazi kwenda kisiwa kingine. Kalangala peke yake ina visiwa 84. Mtoto anayeondoka akiwa anajua kufunga kamba, kugawa viwanja na kufundisha wenzake hajavuja. Amepelekwa. Mfungie kwenye kavera raketi mbili zilizoshonwa mwaloni, vinyoya vitatu na kamba, aandike jina lake daftarini kwamba ameazima, na umpe karatasi ya kumwonyesha mwalimu wa huko. Baadhi ya raketi hazitarudi. Mimi ningekubali hasara hiyo kuliko kuziona zikikaa kabatini. Michezo mingi huenea kwa magari na pesa. Ya visiwani huenea kwa watu wanaohama, na mwalo wenu hauishi kuhama.

Watoto wasiosoma utawafikia kwa njia hiyo hiyo, ila kwa saa yao. Kama mwalo wenu ni wa mukene (dagaa), unajua kwamba mashua za taa hufanya kazi usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu uvuvi hupungua na watu hupumzika. Basi kalenda yako ya mwaloni isiwe ya muhula, iwe ya mwezi. Siku tatu au nne za mwezi mpevu, jioni upepo ukitulia, pelekeni kamba na raketi mchangani. Wakubwa watacheza pia, waache. Kabla ya kupiga kamba, zungumza na akina mama wanaoanika mukene: mchanga mnaourusha kwa miguu ukitua kwenye samaki wao mmewaharibia soko, na hawatawataka tena. Nendeni upande ambao upepo hautoki kwenu kwenda kwao. Na kila mara, bila kukosa, viongozi wako wapite na reki kuondoa ndoana, mifupa ya sangara na vipande vya chupa. Watoto wengi watacheza pekupeku.

Mashindano ya visiwa yatakuja mawazoni mwako mapema, na hapo nakuomba uwe mgumu. Desemba 2016, mashua iliyobeba wachezaji na mashabiki wa mpira wa miguu ilizama Ziwa Albert, na vijana wengi wakafa wakiwa njiani kwenda mechi ya kirafiki. Hakuna kombe linalostahili hilo. Watoto wasivuke bila jaketi la kuokolea kwa kila mmoja, lililofungwa na si la kukalia. Mashua isizidi uwezo wake. Safari iwe asubuhi, na mwenye mashua akisema ziwa limechafuka, siku imeisha. Penye feri, subirini feri. Kama masharti hayo hayatimii, pangeni mashindano ya kisiwa kimoja: shule ya msingi, sekondari, mwalo, kanisa, msikiti, kila mmoja na timu ya watatu. Hayo tu yanatosha mwaka mzima.

Wewe mwenyewe hukuwahi kuwa mchezaji, ulisema kati ya mistari. Haidhuru. Shirikisho la Dunia lina programu ya shule inayoitwa Shuttle Time, yenye masomo 22 yaliyopangwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, pamoja na video fupi. Ni ya bure mtandaoni na imeandikwa kwa walimu wasiojua mchezo. Pakua yote siku ukiwa Masaka au Entebbe penye mtandao mzuri, uhifadhi kwenye simu. Kisha uandikie Chama cha Badminton cha Uganda, kupitia afisa michezo wa wilaya ili barua yako isionekane ya mtu mmoja, uombe kozi fupi ya walimu. Usiombe raketi katika barua ya kwanza. Tuma daftari lako la mahudhurio ya wiki kumi: watoto wangapi, wasichana wangapi, siku ngapi walicheza bila wewe. Anayegawa vifaa hupokea maombi mengi. Barua iliyobeba mahudhurio ya wiki kumi husomwa tofauti.

Kwa ukumbi, ningesema hivi. Kuanzia muhula wa pili omba ukumbi wa kanisa au wa jamii Jumamosi mbili kwa mwezi. Paa la mita nne halitoshi mapigo marefu, lakini linatosha mchezo wa karibu na wavu, ule ambao nje hamwezi kuujifunza. Mtoto anayeonekana kuwa na kipaji apelekwe bara, kwa ridhaa ya wazazi, akacheze na shule zenye uwanja wa ndani. Badminton imo katika michezo ya shule za sekondari za Uganda na katika ile ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, kwa hiyo njia ipo. Mihula mitatu mfululizo ikipita na watoto zaidi ya arobaini bado wanakuja kila wiki, rudi kwa mkuu wa shule na daftari mkononi, mzungumze juu ya ukumbi wa kazi nyingi, wa mitihani, mikutano na michezo. Kabla ya hapo mimi nisingechangisha hata tofali moja.

Mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa ushauri wa maandishi ni machache lakini ni mazito. Kinyoya kikimpiga mtoto jichoni, asisugue. Akiona ukungu, akiona damu ndani ya jicho, akiumizwa na mwanga au akianza kutapika, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mashua itakodiwa. Damu ndani ya jicho inaweza kuliharibu kimyakimya. Kifundo cha mguu kilichovimba na asichoweza kukikanyaga hatua nne kionwe na mhudumu kabla ya kuchuliwa na yeyote. Na jambo la tatu: mchezo unaopendwa na wasichana huwavuta pia wanaume wasio na nia njema, na mwaloni wapita njia ni wengi. Mtu mzima yeyote, hata kocha mgeni mwenye barua, asibaki peke yake na binti, asimpe zawadi kwa siri, asimsafirishe bila mwalimu wa kike. Ukihisi jambo, usilichunguze peke yako wala usilisuluhishe kienyeji. Piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda polisi kwenye dawati la watoto na familia.

Anza na kavera, mwalimu. Ukishakuwa na vipimo vya wiki mbili niandikie, uniambie pia miti mtakayofungia kamba ni ya aina gani na imesimama umbali gani, kwa sababu mpapai na mgomba havishiki kamba iliyokazwa, na kamba iliyolegea itawafundisha watoto kimo kisicho cha kweli.